Bahashishi ya Marekani ni Mshahara wa Mtu

Ndugu zangu mnaojiandaa kwenda masomoni Marekani, nimeombwa nizungumzie bahashishi ya mgahawani. Nitaanzia kwenye mshahara, maana ndiko mambo yote yanakotokea.

Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya shirikisho ni dola 7.25 kwa saa. Lakini mhudumu anayepokea bahashishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu, zilizobaki zikatoka mfukoni mwa mteja. Kiwango hicho hakijasogea hata senti moja tangu 1991! Bahashishi isipotosha, mwajiri anatakiwa afidie. Sawa, lakini mtu anayepangiwa zamu na meneja huyohuyo ataenda kumdai kwa ujasiri gani? Mimi naona ni dhuluma, na nasema wazi. Yapo majimbo, kama California, Washington na Minnesota, ambako mhudumu hulipwa kwanza kima kamili cha jimbo. Hata huko, bahashishi hutolewa.

Mzizi wake ni mchungu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni ya Pullman iliajiri watu Weusi waliotoka utumwani wahudumie mabehewa yake ya kulala kwenye treni, kwa ujira mdogo, abiria wajazie kwa bahashishi. Wahudumu hao waliunda chama chao 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph; mkataba na kampuni waliupata 1937.

Sasa tukae mezani. Umekula, bili imekuja, umetoa kadi. Mhudumu anaondoka nayo, anarudi na risiti. Chini utakuta mstari wa bahashishi, wa jumla na wa sahihi. Kawaida ni asilimia 15 hadi 20. Chakula cha dola 40, andika 8, ujumlishe, utie sahihi. Mara nyingi hizo 8 atagawana na anayeondoa vyombo na wa baa. Ila isome bili kwanza: mkiwa sita au zaidi, migahawa mingi huwa imeshaongeza ada ya huduma.

Chakula kikichelewa jikoni, mwite meneja umweleze. Usimkate mhudumu bahashishi yake, jiko si lake. Na kama mfuko hautoshi chakula pamoja na asilimia hizo, nunua kaunta, ukale nyumbani. Pale kutoa ni hiari yako.