Reiner Knizia: Hesabu Iliyojificha Mezani

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Leo tunamzungumzia Reiner Knizia, mbunifu wa michezo ya mezani aliyezaliwa Illertissen, Ujerumani, mwaka 1957. Kaka Idrisi, wengi humsifu kwanza kwa wingi wa kazi, kwa kuwa michezo yake iliyochapishwa imepita 600.

IDRISI: Ni kweli, Dada Zuhura, ila wingi huo haunielezi mtu mwenyewe. Knizia alipata shahada ya uzamivu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Ulm, akafanya kazi benki, akahamia Uingereza mwaka 1993, na tangu mwaka 1997 anaishi kwa kubuni michezo tu. Hata hivyo, anayecheza michezo yake hahitaji zaidi ya kujumlisha na kutoa.

ZUHURA: Basi hisabati yenyewe imekwenda wapi?

IDRISI: Imo katika namna pointi zinavyohesabiwa. Chukua Lost Cities ya mwaka 1999, mchezo wa karata wa watu wawili. Kuna misafara mitano yenye rangi tofauti, karata zake zina namba 2 hadi 10, na kila unayoiweka lazima ipite iliyotangulia. Ukianzisha msafara, papo hapo unadaiwa pointi 20. Tuseme umeweka 3, 5 na 6: jumla ni 14, kwa hiyo bado una deni la 6; na kama kwa kujiamini ulitanguliza karata moja ya dau, ile inayozidisha matokeo mara mbili, deni linakuwa 12.

ZUHURA: Na kila zamu ni lazima utoe karata, hata kama zote ungependa kubaki nazo, ilhali ile unayoitupa mwenzako anaweza kuiokota. Huo kwangu ni ukatili wa kistaarabu.

IDRISI: Ukatili ambao hautoki kwenye kanuni, bali kwa aliyeketi mbele yako. Katika Modern Art, ya mwaka 1992, mnanadiana michoro ya wasanii watano, na msimu, yaani raundi, hufungwa mchoro wa tano wa msanii mmoja unapotolewa. Wasanii watatu waliotolewa kwa wingi hupandishwa bei ya kila mchoro kwa 30,000, 20,000 na 10,000, juu ya walichokwisha kupata misimu iliyopita. Aliyekosa nafasi, michoro yake ya msimu huo haipati hata senti, ingawa msimu uliopita ndiye aliyetamba. Bei mnaitunga wenyewe, kisha inawaumiza wenyewe.

ZUHURA: Wakosoaji husema mandhari yake hubandikwa tu juu ya hesabu. Keltis, iliyotwaa tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka wa Ujerumani, mwaka 2008, ni wazo la Lost Cities lililovishwa mawe ya Kikelti.

IDRISI: Hapo wana hoja, nami siwezi kuitetea Keltis kwa hilo. Lakini Tigris na Euphrates, ya mwaka 1997, inawajibu. Unakusanya pointi za mahekalu, mashamba, masoko na makazi, halafu unahesabiwa ile aina uliyo dhaifu zaidi, hivyo anayejaza mahekalu na kusahau mashamba anashindwa kama ambavyo ufalme wenye njaa ungeshindwa.

ZUHURA: Anayeanza leo aanzie wapi?

IDRISI: Wakiwa wawili, Lost Cities. Wakiwa wanne au watano, Modern Art, na mwenye sauti ya dalali aanze kunadi.