Kilomita 5 za Ziada

Mwenyekiti, nashukuru. Nimepewa dakika 20, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Mada iliyoandikwa ni uongozi wa wanawake katika kutetea usawa na mazingira duniani. Mikutano ya Umoja wa Mataifa sitaipitia mmoja mmoja, mmeshaisikia. Wala sitawaambia kwamba mwanamke ni mama na ardhi nayo ni mama. Maneno hayo yamenichosha, na nitasema kwa nini.

Twende kwanza milima ya Himalaya, upande wa India, wilaya ya Chamoli. Habari ya Chipko mnaijua, ile ya watu kukumbatia miti. Machi 1974, kijiji cha Reni, wanaume wameitwa mjini kufuata fidia ya ardhi, huku nyuma wakataji miti wanapandisha mlima na mashoka. Gaura Devi, mjane, akawakusanya wanawake wenzake, wakasimama baina ya shoka na mti mpaka wale watu wakarudi walikotoka. Baadaye ikaundwa kamati ya wataalamu, na ukataji ukasimamishwa katika eneo lile kwa miaka 10. Hadithi tamu sana! Adui katoka nje, wanaume hawapo, wanawake mashujaa. Inapendwa kila mahali kwa sababu haimgusi mtu yeyote aliyemo ndani ya nyumba.

Mimi napenda ya pili, ambayo haisimuliwi sana. Miaka sita baadaye, wilaya ileile, mahali panapoitwa Dongri-Paintoli. Safari hii wanaume wapo. Wapo, tena wamekaa kikao. Baraza la kijiji, wanaume watupu, limekubali msitu wa mialoni ukatwe ili pawe na shamba la mbegu za viazi. Maendeleo hayo, fedha itaingia kijijini. Wanawake wakakataa. Hawakukataa serikali peke yake, waliwakataa waume zao, mashemeji zao na wazee wa baraza. Hoja yao ilikuwa ya hesabu. Msitu ule ndio ulikuwa kuni zao na majani ya mifugo yao. Ukikatwa, safari ya kuni inaongezeka kilomita 5. Na fedha ya viazi? Hakuna aliyewahakikishia kwamba itawafikia wao au watoto wao.

Hebu ishikeni hiyo namba, kilomita 5. Kwenda unakwenda mikono mitupu, ni sawa. Kurudi unarudi na mzigo kichwani au mgongoni, mlimani, halafu kesho tena. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wazee wa baraza hawakuwa watu wabaya, na sidhani walikusudia kumkomoa mtu. Waliandika mapato, wakaandika gharama, wakajumlisha. Ila zile kilomita 5 hazikuwa na mahali pa kuandikwa, kwa sababu aliyezitembea hakuwamo kikaoni. Mapato yalikuwa ya mmoja na gharama ya mwingine, na mwenye kalamu alikuwa yule wa mapato.

Wanawake walishinda, msitu ukabaki. Lakini mimi hushangaa zaidi kwamba ilibidi wapigane. Wangekuwa na viti viwili vitatu tu barazani, jambo lingeishia pale.

Naona bwana mmoja hapo mbele anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, maana nimekijibu katika kumbi nyingi: "Si ndiyo maana tunasema mwanamke kwa maumbile yake yuko karibu na mazingira?" Hapana, ndugu yangu. Mpe mwanamume kazi ya kuni na maji mwaka mmoja, mwezi wa pili utamkuta anaulinda msitu kwa rungu. Haya ni mambo ya nani anabeba nini. Tena hilo neno maumbile lina hila ndani yake. Ukishasema mtu ameumbwa kwa kazi fulani, unaona haya gani kumtumikisha bure? Maumbile hayadai mshahara.

Wangari Maathai aliliona hili mapema. Watu wanamkumbuka kwa Nobeli ya 2004 na kwa jengo la ghorofa 60 alilolizuia Uhuru Park, pale wabunge walipoliita kundi lake kundi la wataliki. Mimi namkumbuka kwa senti 4. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alilolianzisha 1977, lilimlipa mwanamke senti 4 za Kimarekani kwa kila mche. Si kila mche uliopandwa, sikilizeni vizuri, kila mche ulioshika. Wataalamu wa misitu waliona hii si kazi ya watu wasio na vyeti, nao kina mama wakaokota mbegu mashambani, wakasia hata kwenye vyungu vilivyovunjika. Senti 4 ni kidogo mno, sibishi. Lakini mtu akilipwa kwa mti uliopona, kazi yake imeshakuwa kazi, ina daftari na ina hesabu. Miti mingapi duniani imepandwa na viongozi mbele ya kamera ikafa wiki iliyofuata? Hiyo haina daftari.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Basi nikimbie.

Mtaniambia wanawake wakubwa wapo. Wapo: Gro Harlem Brundtland wa Norway aliiongoza tume ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti ya 1987 kuhusu maendeleo endelevu, na mkutano wa kwanza wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi, Berlin 1995, uliongozwa na Angela Merkel wa Ujerumani. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa dunia wa wanawake Beijing, mazingira yakawa moja ya maeneo 12 ya kushughulikiwa kwa ajili ya wanawake. Vizuri. Sasa ruka miaka 29. Januari 2024, Azerbaijan inatangaza kamati ya maandalizi ya mkutano wa tabianchi wa Baku. Watu 28, wanaume 28! Zilipopigwa kelele wakaongezwa wanawake 12, upesi kabisa, siku chache tu. Kumbe walikuwepo. Tumeambiwa miaka yote kwamba wanatafutwa hawaonekani.

Nilitaka kuzungumzia hati za ardhi, maana huwezi kumwambia mtu apande mti wa miaka 30 kwenye shamba analoweza kufukuzwa kesho mumewe akifa. Hilo linataka siku yake. Nilitaka pia kumzungumzia Berta Cáceres wa Honduras, Mlenca, yaani wa jamii ya wenyeji asilia wa huko, aliyepinga bwawa la Agua Zarca kwenye mto Gualcarque. Watu wake walipewa notisi? Walisikilizwa? Alitunukiwa Tuzo ya Goldman 2015, akauawa kwa risasi nyumbani Machi 2016. Kwa dakika moja sitamtendea haki, kwa hiyo namwacha.

Nimemaliza, mwenyekiti, usigonge meza. Tuchukue maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma, amenyoosha mkono tangu tukiwa Beijing.