Kusanifu Kanga ya Kisutu kwa Kishikwambi

Karibu, mwanafunzi wa sanaa na ubunifu. Katika video hii tutasanifu kanga kwa kishikwambi, na nimechagua kisutu, kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa sababu uchache wa rangi zake unamlazimu mbunifu kufikiri kama mchapaji tangu mstari wa kwanza. Kabla ya kuwasha kifaa, tandaza kanga halisi mezani, uangalie jinsi pindo linavyozunguka pande zote nne, jinsi mji, yaani eneo lililo ndani ya pindo, ulivyokaa katikati, na mahali jina, yaani maneno ya kanga, lilipowekwa upande wa chini wa mji.

Sasa fungua programu ya kuchorea. Mwenye iPad anaweza kutumia Procreate. Mwenye kishikwambi cha Android atumie Krita, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Tengeneza turubai ya sentimita 150 kwa 110, yenye pikseli 150 kwa kila inchi, nawe utapata takriban pikseli 8,858 kwa 6,496. Usishawishike kuweka 300, kwani upande mrefu ungezidi pikseli 17,000, na kifaa ama kingeikataa turubai hiyo ama kingelemewa.

Fungua matabaka (layers) mawili tu, moja la nyekundu na moja la nyeusi. Nyeupe haihitaji tabaka, kwa kuwa ni kitambaa chenyewe kisichoguswa na wino. Hapa naomba umakini kuliko mahali pengine popote. Kalamu ya kidijitali huhisi mgandamizo wa mkono, na brashi nyingi huutumia mgandamizo huo kufifisha rangi. Jambo hilo hupendeza kwenye kioo, lakini katika uchapaji ambao kila rangi ina skrini yake, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, wekundu uliofifia hauna mahali pa kukaa. Basi ingia kwenye mipangilio ya brashi, uache mgandamizo ubadilishe unene wa mstari peke yake, kisha uchague brashi yenye kingo kali.

Washa ulinganifu wa robo, ili unachokichora katika pembe moja kijirudie katika pembe nyingine tatu. Anza na pembe ya pindo, wala si katikati ya upande, maana penye kona ndipo mapambo ya pande mbili hukutana, na kona isiyopangwa mapema huonekana mara moja hata kwa asiyejua kuchora. Usikuze picha kupita kiasi: alama ya nusu milimita inayoonekana kubwa kwenye kioo itapotea kitambaani.

Zima ulinganifu kabla ya kuandika jina, la sivyo herufi zitageuka kinyume. Kwa zoezi hili andika "Haba na haba hujaza kibaba" kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chake.

Chapisha sehemu ya jina kwenye karatasi za A4 kwa ukubwa halisi, uzibandike ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa uone kama linasomeka. Likisomeka, hifadhi faili katika muundo wa PSD, aina ya faili inayotunza matabaka, bila kuyaunganisha, ili mhadhiri aweze kulizima moja na kulikagua jingine peke yake.