Vile Vyeti Ukutani Vinasema Nini?

Shikamooni wakubwa zangu, na nyote nawashukuru kwa kuja. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na leo nitaanza na ukuta.

Rafiki yangu alitaka kupunguza matiti. Yalikuwa mazito, mgongo unamuuma, kamba za sidiria zimemchimba mabega. Akaniletea picha kwenye simu: chumba cha daktari, ukutani vyeti saba vya fremu. "Dada, huyu amesoma," akaniambia. Tukaikuza ile picha, tukasoma kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikuwa shahada ya udaktari. Cha pili leseni, nayo muda wake umekwisha. Vile vitano vilivyobaki vilikuwa na neno moja: amehudhuria. Kimoja siku tatu, vitatu siku mbilimbili, kimoja siku moja. Hapakuwa na hata kimoja kilichosema amefaulu ubingwa wa upasuaji.

Naomba tuelewane hapa, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Leseni ya udaktari na ubingwa ni vitu viwili. Leseni inasema huyu ni daktari. Haisemi amejifunza kupasua, wala haisemi amejifunza kupasua titi. Katika nchi nyingi daktari mwenye leseni hazuiwi kujitangaza kuwa anafanya upasuaji wa urembo. Australia, hadi mwaka 2023, daktari yeyote aliyesajiliwa aliweza kujiita mpasuaji wa urembo hata kama hakupitia ubingwa wowote wa upasuaji. Wagonjwa waliumia, wakalalamika, sheria ikabadilishwa mwaka huo.

Kwa hiyo usiulize, "Je, wewe umesajiliwa?" Atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Uliza: umesajiliwa kama bingwa wa nini? Kisha usitosheke na jibu lake, katazame mwenyewe kwa baraza la madaktari. Uingereza, General Medical Council ina rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua kwenye intaneti bila malipo, na jina linaweza kuwemo kati ya madaktari lakini lisiwemo kati ya mabingwa. Marekani wanayo American Board of Plastic Surgery, bodi ya upasuaji wa plastiki, yaani wa kurekebisha umbo la mwili, iliyoanza mwaka 1937, na anayethibitishwa nayo huwa amepitia mafunzo ya upasuaji ya miaka isiyopungua 6 baada ya shahada ya udaktari. Zipo bodi nyingine zenye majina yanayokaribiana na hilo, kwa hiyo soma jina lote, neno kwa neno.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Daktari, ni hospitali gani inayokuruhusu kufanya upasuaji huuhuu ndani ya chumba chake?" Hospitali inayojiheshimu haimpi mtu kisu kabla ya kupekua mafunzo yake. Akisema anafanyia kwenye kliniki yake tu, muulize sababu, na muulize utapelekwa wapi ukianza kuvuja damu saa nane za usiku.

Muulize pia nani atakulaza usingizi. Nimesimama kando ya vitanda hivyo miaka mingi, na nawaambia: anayepasua hawezi wakati huohuo kuwa ndiye anayechunga pumzi zako. Lazima awepo mtu mwingine mwenye ujuzi huo, na kazi yake iwe hiyo tu.

Msione ninatia chumvi. Chukueni upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta yanayonyonywa sehemu nyingine ya mwili. Mafuta yakisukumwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya vena, yakapanda hadi kwenye moyo na mapafu, na mtu akafa palepale mezani. Asiyejua ncha ya mrija wake iko tabaka gani hana ruhusa yangu kukugusa, hata awe na wafuasi milioni.

Picha za kabla na baada? Zitazame, ila hazikuonyeshi wale waliorudishwa chumba cha upasuaji. Hao waulizie kwa mdomo: wangapi, na kwa sababu gani.

Yule rafiki yangu alipiga simu kwenye baraza. Daktari wa vyeti saba hakuwa bingwa wa chochote. Akampata mwingine, bingwa wa upasuaji wa plastiki, ambaye hakutaka kupokea malipo siku ile ya kwanza. Alimwambia arudi nyumbani, afikiri wiki mbili. Aliporudi alikuwa na swali ambalo mwanzo hakuwa nalo: je, chuchu zitabaki na hisia? Daktari akamjibu kwamba hisia zinaweza kupungua, pengine zipotee kabisa. Kisha akavuta fomu ya idhini, akaliandika jibu hilo kwa mkono wake, akamsomea kwa sauti, ndipo akampa kalamu.