Mnyama mmoja anatosha: maongezi na wazazi wa chekechea, Malindi

Assalam aleikum, na wengine wote hamjambo. Naona viti vya nyuma vimejaa na vya mbele vitupu, haya, ndio sisi hao, kaeni mnapotaka bora mnanisikia.

Nimeambiwa niongee kuhusu kupeleka watoto kwenye zile sehemu za wanyama likizo hii, mashamba ya wanyama, vipepeo, nyoka, makobe, maana shule zikifungwa tu mnaanza kupigiana simu ati tuwapeleke wapi hawa. Mimi nafundisha wadogo, wale wa miaka mitatu hadi sita, kwa hivyo nitasema ya hao tu. Wa darasa la nne mnaweza kuwatembeza kutwa, hayo mengine.

Nianze na nnavyoona tunavyokwenda. Tunajaza gari, mama, shangazi, binamu, watoto wamevalishwa nguo za Idd, viatu vipya vinabana, tunafika saa sita jua limesimama utosini, halafu inakuwa ni mbio: simama hapo, shika kobe, cheka, picha, haya twende kwa mamba, picha, haya twende kwa nyani. Saa nane mtoto analia, nguo imechafuka, baba amekasirika kwa pesa ya tiketi, na ukimuuliza mtoto usiku umeona nini anakwambia soda. Mnacheka lakini si uongo. Mtoto wa miaka minne ukimpitisha mbele ya wanyama ishirini kwa saa mbili hajaona hata mmoja, macho yake hayaendi na mwendo wako, yeye bado yuko kwa yule wa kwanza anaangalia anavyotafuna na wewe ushamvuta mkono uko kwa wa tano.

Mi nasema chagua mnyama mmoja, wawili wakizidi, uketi hapo. Kama ni vipepeo ni vipepeo. Wengine mtawaona siku nyingine, hawahami.

Na sisi hapa tuna bahati hatuijui. Tumezoea kudhani hizi sehemu ni za wazungu wa hotelini, sisi tunapita tu na matatu. Pale Gede, kwenye magofu, kilomita kama kumi na sita tu kutoka hapa, kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993. Wengi mnaujua kwa kibao. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo kama mtu anavyofuga kuku, wanapanda ile miti ambayo viwavi wanakula, wanalea viwavi mpaka wageuke pupa, yaani yule aliyejifungia ndani ya kiganda kabla hajawa kipepeo, halafu pupa wanauzwa nje, Ulaya na Marekani, kwenye majumba ya maonyesho. Na inabidi wasafirishwe haraka maana pupa hangoji, akifika siku yake anapasuka hata akiwa ndani ya boksi. Kwa hivyo msitu ukikatwa biashara imekwisha, ndio ujanja wa mradi wenyewe, mtu apate senti akiuacha msitu umesimama.

Sasa mtoto hana haja na hayo ya biashara, hayo ni yako wewe. Mtoto muweke mbele ya pupa. Ukibahatika umkute anayetoka, basi usiondoke, hata wenzako wakikuita. Kile kiganda kinapasuka juu kidogo, kinatoka kitu ambacho hakifanani na kipepeo kabisa, tumbo limevimba, mabawa madogo yamekunjamana na yamelowa kama kitambaa kilichokamuliwa. Anajining'iniza kichwa juu mabawa yakiangalia chini, anasukuma maji ya mwilini yaende kwenye mabawa, na unaona polepole yananyooka, yananyooka, halafu anatulia tena muda mrefu yakauke. Ukimgusa hapo katikati yanaharibika na hataruka maisha yake. Hii nawaambia kwa sababu ndio mahali pa kumfundisha mtoto kutogusa, si kwa kumpiga kofi la mkono, anaiona mwenyewe sababu. Nimeona watoto wanaovunja kila kitu darasani wamekaa pale mikono mgongoni wameshika pumzi.

Na kama pesa hakuna mwezi huu, angalieni mlimau wa nyumbani au wa jirani. Wale viwavi wadogo kwenye majani wanaofanana na kinyesi cha ndege, wale wa kahawia na doa jeupe, ndio hao hao watoto wa kipepeo, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mguse kwa kijiti, polepole, anatoa kama pembe mbili laini nyuma ya kichwa na harufu kali ya kufukuza adui. Bure kabisa. Mtoto atarudi pale kila asubuhi kabla ya chai.

Mkiweza kufika Mombasa, kuna Haller Park pale Bamburi, na hapa mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo maana mi napenda sana hii habari. Pale palikuwa machimbo ya sementi, jangwa jeupe, hakuna kitu kinaota. Mwaka 1971 wakaanza kupanda mivinje, mivinje ikashika, lakini majani yake yakawa yanaanguka tu chini hayaozi. Wakaleta jongoo. Jongoo hawa hawa tunaowakanyaga mvua ikinyesha! Wakayala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, ndio leo kuna msitu na twiga na viboko. Kwa hivyo ukienda na mtoto akakaa dakika kumi anaangalia jongoo wakati umelipia aone twiga, muache. Ameangalia mwenye mali.

Na ile ya kiboko Owen wengi wenu mnaikumbuka, ilianzia hapa hapa kwetu. Desemba 2004, baada ya tsunami, kiboko mtoto kama wa mwaka mmoja alionekana baharini juu ya mwamba peke yake, wenzake walikuwa wa mto Sabaki. Wavuvi na watu wa wanyamapori wakahangaika naye mpaka wakamkamata kwa nyavu, akapelekwa Haller Park, na kufika tu akamkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, anayekadiriwa miaka 130, akajificha nyuma yake kama anajificha kwa mamake. Mzee alimkimbia mwanzoni, si mchezo, mtu mzima unaishi zako unaletewa mtoto wa kilo mia tatu. Baadaye wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja. Mwambieni mtoto hii kabla ya kwenda, usiku wa kuamkia, akifika anakuwa tayari ana mtu wa kumuulizia. Hawa makobe wakubwa wana kitu kimoja kizuri, mtunzaji akikubali, mkunwe polepole shingoni, kuna wanaonyanyuka juu kwa miguu yote minne wanyoosha shingo wanataka uendelee. Mtoto akiona mnyama amemjibu namna ile basi, siku imekamilika, rudini nyumbani.

Nyoka. Najua kuna nyuso zimekunjwa. Watamu kuna Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa 1980 na James Ashe, wanakamua sumu ambayo inatumika kutengeneza dawa ya kuumwa na nyoka, na wanasaidia watu walioumwa. Kwa mdogo wa miaka mitatu mi sioni haja, atachoka na vioo. Lakini wa miaka mitano, sita, hasa nyie wa mashambani huko mnaolima, mpelekeni. Mtunzaji atamwonyesha swila na kifutu wanavyokaa, kifutu ndio hatari kwetu kwa sababu hakimbii, anabaki pale pale anafanana na majani makavu mpaka umkanyage. Mtoto ajifunze maneno matatu tu, simama, rudi nyuma, ita mtu mzima. Na ile ya kumvisha mtoto chatu shingoni kwa ajili ya picha, aa, mi siipendi. Mtoto kaganda, chatu mwenyewe amechoka kushikwashikwa, na wewe unasema cheka.

Hapo niseme kitu kuhusu woga. Sisi hawa hawa kila jioni nyumbani: nyamaza, mbwa anakuja, lala, paka atakula, ukilia nakupa kwa mamba. Mwaka mzima. Halafu tunamlipia tiketi tunamshusha mbele ya mamba tunashangaa anapiga mayowe, na kuna baba anamnyanyua kabisa amsogeze karibu ati azoee ukiume. Hazoei. Mtoto akiogopa rudi nyuma mpaka pale alipoacha kushika nguo yako, mkae umbali huo huo, akitaka kusogea atasogea mwenyewe. Asiposogea leo hakuna aliyekufa.

Wale mtakaokwenda kwa ndugu Lamu, huko hamhitaji tiketi. Mtoto wa Malindi aliyezoea tuktuk akifika Amu akaona mawe na mchanga wa kujengea vinapita kichochoroni juu ya punda hiyo peke yake ni maonyesho. Mpelekeni pale hospitali ya punda ya ufukweni, iko tangu 1987, punda wa watu wanatibiwa bure, aone punda anafungwa kidonda. Mimi naona ni bora kuliko kumpandisha. Ila punda ni punda, usipite nyuma yake, masikio yakilala nyuma ujue hataki, na akilishwa iwe kwa kiganja kilichofunguka, vidole vimebanana, dole gumba ndani, maana punda hajui karoti imeishia wapi na kidole kimeanzia wapi.

Sasa mikono. Hapa nitakuwa mkali kidogo, samahanini. Kobe na nyoka wanabeba salmonela bila wao kuumwa, vifaranga pia, mbuzi na ng'ombe wana vidudu vyao vya kuhara, na wanaougua vibaya zaidi ni hawa walio chini ya miaka mitano, kwa sababu wanagusa halafu wananyonya kidole. Sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kula na kabla ya kupanda gari. Sanitaiza peke yake haitoshi, mkono wenye mavi ya mbuzi ukiupaka sanitaiza unabaki ni mkono wenye mavi ya mbuzi unaonukia. Bebeni dumu la lita tano na kipande cha sabuni, sehemu nyingine mfereji hautoi maji. Chuchu na chupa ya maziwa viacheni kwenye begi mpaka mtoke kwa wanyama. Biskuti zisiliwe pale pale kwenye zizi, hata kama analia. Na mama mjamzito usisogee kwa mbuzi au kondoo aliyezaa karibuni, simama mbali, kuna maradhi yanayoharibu mimba.

Akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, paka, nyani, au mnyama mwingine yeyote anayenyonyesha, osha kwa sabuni na maji dakika 15, nyingi ndiyo, hesabuni, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano za kichaa cha mbwa. Kupaka mafuta ya taa na pilipili tuache.

Ya mwisho ni hesabu na safari. Nendeni asubuhi, geti likifunguliwa tu, wanyama wako macho na jua halijakaza. Piga simu kwanza uulize saa za kulisha, maana mnyama akiwa anakula, mtoto anamwangalia, akiwa amelala anamwacha. Bebeni vitambulisho, kuna bei ya mwananchi na bei ya mgeni, na mkisahau mtabishana getini mpaka mtoto alale. Kwa Gede si lazima kukodi gari, pandeni matatu ya Mombasa mshuke njia panda ya Gede, hapo tuktuk au mguu, ni karibu. Nguo za zamani, viatu vilivyozoeleka, kofia. Nguo za Idd ziacheni kabatini.

Haya, maswali. Wewe mama mwenye mtandio wa kijani naona mkono umeinuka tangu nilipotaja nyoka, na bwana pale mlangoni jiandae wewe wa pili.