Mpira wa mgongoni hausahauliki

Nimepewa dakika kumi na mnanijua, nitaongelea mrija tu, ule tunaomwachia mgonjwa baada ya kumtoa mawe ya figo. Mawe mmeshayavunja mkayatoa kwa kale katobo ka mgongoni, kila mtu anashangilia, haya, figo limevimba lina damu, usiku huu mkojo upite wapi?

Waswidi walipoandika kuhusu njia hii mwaka 1976, mgonjwa alibaki na mpira mgongoni unamwaga kwenye mfuko. Unauma, unavuja, kulala chali huwezi. Ndo maana madaktari vijana mnakimbilia stenti ya ndani, kamrija kanaitwa DJ, kichwa figoni mkia kibofuni. Sikatai, hata mimi naweka. Ila mpira wa mgongoni hakuna anayeusahau, akivua shati tu anauona.

Kuna kaka mmoja wa bajaji Mbagala, aliwekewa DJ mahali, akaambiwa rudi wiki ya pili. Akapona! Nani anaenda hospitali akiwa mzima? Mwaka unapita, sasa anakojoa kila dakika ishirini na mkojo unachoma, duka la dawa wanampa vidonge vya UTI, vikiisha wanampa vingine, mara anapaki bajaji na abiria ndani, samahani mama nakuja. Kupiga ekisirei, loh! Mmeshaona birika linalochemshia maji ya kisima yale ya chumvi? Hivyo hivyo, DJ bado imo ndani, imeganda mawe juu na chini. Kitu cha kuchomoa kwa kamera dakika chache kikamrudisha tieta mara mbili, jiwe la kibofuni kwanza, la figoni baadaye.

Mtasema aliambiwa. Aliambiwa lini, na nusu kaputi bado iko kichwani? Karatasi yake nimeiona, imeandikwa DJ na tarehe ya kuwekwa. Yeye alijua DJ ni jina la daktari! Andikeni tarehe ya KUTOA, kwa Kiswahili, chukueni na namba ya mkewe.

Mtu anayerudi Kilwa kesho, mawe yameisha, figo halivuji damu, njia haijaumia, mwachie kamrija ka nje, kale kanakotokea kwenye njia ya mkojo, siku moja mbili ukavute kabla hajapanda basi. Wengine hawahitaji mrija wowote, wachache hao, muwachague vizuri. Ukikuta usaha weka wa mgongoni, usibishane na mtu.

Saizi za mipira, namba 8 au 20, naona mwenyekiti ananionyesha saa, tutaongea kwenye chai.