Chakula cha Kugawa Kinapowekewa Bei: Kula Katika Mgahawa wa Familia ya Kisamoa

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Auckland Kusini, New Zealand

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya jirani zetu Wasamoa na mapishi yao. Baadhi yenu mmeniambia hapo mlangoni kwamba kila siku mnapita mbele ya migahawa yao, Otara, Mangere, Otahuhu, mnaona masinia ya chakula nyuma ya kioo, na miguu inakataa kuingia. Haya, leo tuingie pamoja.

Jambo langu ni moja. Mapishi ya Kisamoa yamekua kwa karne nyingi yakiwa mapishi ya kugawa. Kijijini huko Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, iwe kisiwa cha Upolu au Savai'i, chakula cha heshima hakikuwa na duka wala bei. Kilipikwa na vijana, kikapelekwa kwa wazee, kwa mchungaji, kwa mgeni, kwa waliofiwa. Mgahawa mdogo wa familia umekichukua chakula hichohicho ukakiwekea bei, na kila unachokiona humo ndani, kuanzia wingi wa chakula kwenye sahani mpaka yule kijana anayekuhudumia bila kukaa, kinatokana na hapo.

Tuanze na Jumapili, maana chakula chenyewe kinaanzia Jumapili. Samoa, kabla ya kengele ya kanisa, moshi huwa umeshafunika kijiji. Hiyo ni umu, tanuri la mawe. Ninyi mliokaa hapa New Zealand mmeshaona hangi ya Wamaori, ile ya kuchimba shimo na kufukia kwa udongo. Umu haifukiwi. Kuni zinawashwa juu ya ardhi, mawe meusi ya volkano yanapangwa juu yake, na yakishashika moto sawasawa, kuni zinatolewa. Vijana wanayasambaza mawe kwa koleo la upongoo wa kuti. Juu yake wanapanga shelisheli, magimbi yaliyoparwa, samaki waliofungwa kwa majani, pengine nguruwe mzima, kisha wanafunika majani ya mgomba na ya mshelisheli, tabaka juu ya tabaka. Wanaopika ni wavulana. Kijana wa Kisamoa asiyejua kuwasha umu huonekana hajalelewa, na hili napenda vijana wetu wa kiume walisikie vizuri.

Watu wakirudi kanisani kinaliwa chakula cha Jumapili, to'ona'i. Hapo utauona mpangilio wote wa jamii yao. Wenye vyeo vya ukoo, wanaoitwa matai, na wageni hula kwanza. Vijana wanasimama, wanaleta maji ya kunawa, wanapepea inzi, wanangoja, zamu yao ni baadaye. Wasamoa wana msemo, o le ala i le pule o le tautua, yaani njia ya kufika kwenye mamlaka ni utumishi. Sisi tuliolelewa kumpokea mzee mzigo na kumnawisha mgeni mikono hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Sasa katika masinia hayo kuna nini?

Kuna palusami, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mgahawa wa Kisamoa hupimwa kwa palusami yake. Kwetu Tanga tulikula gimbi lenyewe na majani tukayaacha shambani. Wao huchuma yale machanga, wanayapanga kiganjani hadi yawe kama kibakuli, wanamimina tui zito lenye kitunguu na chumvi, wanafunga, wanavika jani la mgomba lililolainishwa kwa moto, kisha wanaweka kwenye mawe. Likiiva, tui huwa limeganda, limeingia ndani ya jani, na jani limelainika mpaka huwezi kusema wapi jani limeishia na tui limeanzia. Mwenye haraka asilipike. Jani la gimbi lisiloiva lina chembe za oksaleti zinazowasha koo, ni muwasho uleule mnaoujua mkimenya magimbi. Mgahawani mjini hakuna mawe. Kuna oveni na karatasi ya foili, na moshi unakosekana. Lakini tui la kukuna na kukamua siku hiyo, au la kopo, hilo utalitambua kwa ulimi. Familia nyingi huchanganya, kwa kuwa nazi hapa zinasafiri kwa meli na bei yake si ya mchezo. Ninapokutana na familia inayokuna nazi alfajiri kwa ajili ya palusami ya kuuza, naiheshimu sana. Kifaa chao cha kukunia mkikiona mtacheka kwa furaha, maana mtu anakikalia kama anavyokalia mbuzi wetu.

Kuna fa'alifu. Hii ndiyo itakayowafungulia mlango. Magimbi au ndizi mbichi huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha tui lenye kitunguu na chumvi linamiminwa na kuchemka kidogo. Mama zangu wa Mombasa, Unguja na Tanga, hiyo ni futari. Sisi huipikia futari yetu ndani ya tui tangu jepesi mpaka zito, wao hulileta tui mwishoni, kwa hiyo gimbi lao hubaki limeshikana zaidi na tui hukaa juu yake. Mimi nimeshafuturu kwa fa'alifu talo Ramadhani hapa Auckland na sikuona upungufu wowote. Gimbi, ndizi na nazi zote ni mazao yaliyosafiri na mabaharia kutoka upande wa kusini-mashariki mwa Asia: wengine walielekea mashariki, Pasifiki, na wengine magharibi hadi Madagaska. Ngalawa yetu yenye matengo ni ya ukoo huo.

Kuna oka, samaki mbichi. Najua, najua. Samaki mpya kabisa, mara nyingi jodari, anakatwa vipande vidogo, anatiwa ndimu, tui, kitunguu, nyanya, tango na pilipili, analiwa baridi. Ndimu humgeuza rangi na kumkaza nyama. Mahali wanapouza haraka oka huwa salama na tamu. Mahali ambapo sinia limekaa tangu asubuhi, acheni.

Sapasui ni tambi nyembamba za wanga wa choroko zilizopikwa na nyama, tangawizi, kitunguu saumu na sosi ya soya. Hii ina historia ya Wachina, na historia hiyo inatugusa. Wajerumani waliitawala Samoa ya magharibi tangu 1900 hadi 1914, wakataka wafanyakazi wa mashamba ya minazi na kakao, na kuanzia 1903 wakaleta vibarua kutoka China. Gavana wao wa kwanza, Wilhelm Solf, alikuwa amepitia Dar es Salaam kama hakimu mwaka 1898. Msaidizi wake huko Apia, Heinrich Schnee, ndiye yuleyule aliyekuja kuwa gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia 1912. Wale waliowapangia Wasamoa mashamba ndio waliotupangia sisi. Ile kakao nayo ilibaki mikononi mwa Wasamoa wenyewe: hukaangwa, hutwangwa, ikachemshwa na maji na sukari kuwa koko Samoa, kinywaji kizito chenye machicha chini ya kikombe. Msikiache kiti bila kukinywa.

Halafu kuna nyama ya kopo, pisupo. Wageni huidharau. Kwa Wasamoa kopo hilo limepata heshima ya zawadi. Katoni zake hupelekwa misibani na harusini pamoja na ie toga, mikeka laini inayofumwa kwa miezi na miezi. Mimi silidharau, ila nina neno juu ya nyama za mafuta. Kwa miaka mingi nchi tajiri zimeuza visiwani vipande ambavyo watu wake wenyewe hawavitaki, mbavu za kondoo zenye mafuta matupu na mikia ya bata mzinga. Mwaka 2007 Samoa ilipiga marufuku mikia hiyo kwa sababu ya afya ya watu wake, na ikalazimika kuiondoa marufuku hiyo ili ikubaliwe kwenye Shirika la Biashara Duniani, ambako iliingia 2012. Hilo linaniuma. Mkiona chakula chenye mafuta mengi kwenye sinia la Kisamoa, msiseme ndivyo walivyo; jueni nani alikipakia melini.

Na gimbi lenyewe lina msiba wake. Mwaka 1993 ugonjwa wa ukungu wa majani uliingia Samoa, na zao lililokuwa likiongoza kuuzwa nje likaanguka karibu lote. Soko la hapa Auckland likachukuliwa na Fiji. Watafiti na wakulima walihangaika miaka kadhaa kupata mbegu zinazostahimili. Kwa hiyo mpishi wa Kisamoa hapa mara nyingi hupika gimbi la Fiji, na wazee wakilionja watakwambia.

Walifikaje hapa? Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya New Zealand vilihitaji mikono, na Samoa, iliyokuwa chini ya New Zealand hadi uhuru wake tarehe 1 Januari 1962, ikaitoa. Sensa ya 2018 ilihesabu Wasamoa zaidi ya 180,000 katika nchi hii, karibu sawa na walioko Samoa yenyewe. Lakini uchumi ulipodorora miaka ya 1970, polisi waligonga milango yao alfajiri kutafuta waliopitisha muda wa viza, ingawa waliopitisha muda walikuwemo Waingereza na Wamarekani wengi ambao hawakugongewa. Tarehe 1 Agosti 2021 waziri mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi kwa niaba ya serikali, akakaa kitako akafunikwa ie toga, kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha inayoitwa ifoga. Wengi wenu mliolala wiki zenu za kwanza katika kituo cha wakimbizi cha Mangere mlipokelewa katika mitaa ya watu waliopitia hayo.

Turudi kwenye bei. Familia inayofungua mgahawa inaingia kwenye mgogoro wa kweli. Sahani inapimwaje, wakati maisha yote umefundishwa kwamba kumpakulia mgeni kidogo ni aibu? Ndiyo maana sahani zao zinafurika, na faida inakuwa nyembamba. Jamaa akiingia, unamlipisha? Mshahara wa binti anayekaa kwenye fedha baada ya shule ni nini, ikiwa kazi hiyo yeye anaihesabu kuwa utumishi kwa wazazi wake? Na pesa ikipatikana, inangojewa na fa'alavelave: msiba, harusi, kutawazwa kwa matai, michango ya kanisa. Sisi watu wa michango tunaujua mzigo huo. Kwa maoni yangu mgahawa wa namna hii haupaswi kupimwa kwa mizani ya hoteli. Mkisikia mtu analalamika kwamba huduma ni ya polepole au kitu fulani kimeisha saa saba mchana, mwelezeni kwamba jikoni yupo mama mmoja na dada yake, na walichopika alfajiri ndicho kilichopo. Kilicho wazi kwangu ni kwamba hatupaswi kuomba kupunguziwa. Wameshatupunguzia wao wenyewe kabla hatujafungua mlango.

Adabu ni chache. Ukiingia, talofa. Ukikatiza mbele ya watu waliokaa, hasa wazee, inama kidogo useme tulou. Ukikuta familia inaomba kabla ya kula, simama ungoje. Kula kwa mkono hakumshangazi mtu. Ukishindwa kumaliza, omba ufungiwe. Kwenye karamu zao mgeni huondoka na fungu lake, kwa hiyo utakuwa umewapendeza.

Kwa ndugu zangu Waislamu: nguruwe yupo, na vyombo vya jikoni ni vilevile. Ulizeni waziwazi, hawakasiriki. Palusami ya asili ni jani, tui, kitunguu na chumvi, lakini wengine hutia pisupo ndani, na sapasui hutegemea nyama iliyotumika. Samaki, fa'alifu na koko zitawatosha.

Siku ya kwanza agizeni palusami moja, fa'alifu ya magimbi, na oka kama mna ujasiri. Watoto wapeni panipopo, mikate midogo iliyookwa ndani ya tui la sukari. Nendeni Jumamosi mapema, baada ya soko la Otara. Jumapili wengine hufunga kabisa na wengine hufungua kwa ajili ya watu wa kanisani tu. Na kama mtakwenda kundi kubwa, pigeni simu siku moja kabla, maana majani ya magimbi hayaharakishwi. Haya, nani ana swali?